Nusu Nauli ya Kwenda Homa Bay

Mama yangu alizijua nauli kuliko kondakta. Alijua kwamba ukipandia basi karibu na kwetu, upande wa Migori, unatozwa nauli ya kituo kizima kwa safari ambayo miguu ingeimaliza asubuhi moja, kwa hiyo sisi tulitembea mpaka Rongo na kupandia huko. Alijua kwamba siku ya soko kondakta hana huruma, na kwamba Jumanne, viti vikiwa vitupu, anabembelezeka. Alijua pia kwamba kuku hulipa.

Hilo la kuku lilinikosesha raha. Kuku alikuwa na nauli yake, mbuzi yake, hata gunia la mahindi lilikuwa na yake, lakini mtoto aliyepakatwa hakulipa hata senti. Nilimwuliza mama ni nani aliyekaa akaamua kwamba kuku ana thamani kunishinda mimi. Akaniambia kuku angalau haulizi maswali.

Hii ilikuwa miaka ya kwanza ya Uhuru. Mtu mzima alilipa nauli nzima, mwenye umri wa shule nusu, na aliye chini ya hapo alipanda bure mapajani. Sasa kondakta atajuaje nani amefika umri wa shule? Mimi nilizaliwa msimu ambao mto ulibeba daraja, na hakuna aliyeandika tarehe. Basi kondakta aliazima kipimo cha walimu. Unasimama wima bila kuinamisha kichwa, unapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, unatafuta sikio la kushoto. Vidole vikiligusa, umekua. Shuleni unaandikishwa, na ndani ya basi unalipa nusu.

Mimi nilikuwa nimelitafuta sikio langu tangu mavuno. Nilijaribu asubuhi kabla ya uji na jioni baada ya kuteka maji, nikiamini kwamba mkono huvutika kama mpira ukiusumbua vya kutosha. Kulikuwa na sababu. Shule ya kwetu ilikuwa ng'ambo ya mto, daraja halikujengwa tena, na mama mdogo, aliyeolewa Homa Bay, alikuwa amekubali kunikalisha kwake nisome huko. Baba hakufurahia sana. Alisema niende nijaribu mara moja tu. Nikikataliwa, nirudi nyumbani nilee mdogo wangu. Nilimpenda mdogo wangu, lakini sikutaka kuwa mgongo wake.

Mwezi wa Januari, wiki ileile mkono wangu ulipofika, tukaondoka. Mama alikuwa amefunga kwenye pindo la leso nauli ya mtu mzima kwenda na nauli ya mtu mzima kurudi. Zaidi ya hapo hakukuwa na kitu. Nusu yangu haikuwemo, nami nilikuwa na akili ya kutosha kuliona hilo.

Sisi ni watu wa Sabato. Mama alifundisha darasa la watoto kanisani, na katika maisha yangu sijamsikia akisema uongo. Hata siku hiyo hakusema. Tulipokaribia Rongo alinifunga kitambaa vizuri kichwani, akatazama barabarani badala ya kunitazama mimi, akasema, "Nyathina, ndani ya basi usijinyooshe."

Nyathina ni mwanangu. Aliniita hivyo alipotaka nisiulize, nami kwa mara ya kwanza sikuuliza.

Kondakta alikuwa Mkuria, kwa hiyo ndani ya basi lake kila mtu alisema Kiswahili, na kila mtu chake.

"Mama, hii mtoto iko na miaka ngapi?"

"Mimi sijui kuandika miaka," mama akajibu. "Wewe pima."

Nikasimama kati ya viti. Nikapitisha mkono juu ya kichwa nikauachia hapo kwenye utosi, vidole vikining'inia, huku nikikunja kiwiko kidogo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufika. Kondakta akanitazama, akamtazama mama, akacheka.

"Haya, kaa na yeye. Hii bado."

Abiria wakacheka pia. Mwanamume mmoja mwenye kofia, kiti cha nyuma yetu, hakucheka. Aliniangalia kwa muda kama mtu anayesoma kitu, kisha akarudia gazeti lake. Mama alinipakata njia nzima, mikono yake imenibana, na nilihisi moyo wake ukipiga mgongoni mwangu. Nilijiuliza kama mkono unaweza kusema uongo wakati mdomo umenyamaza, na dhambi hiyo ni ya nani kati yetu wawili. Nilitaka sana kujua. Sikuthubutu kumwuliza.

Kesho yake tukapanga foleni shuleni pamoja na akina mama wengi, wengine wao waumini wenzake ambao mama mdogo aliwajua kwa majina. Mlango ukafunguliwa. Mwalimu aliyetoka na daftari alikuwa yule mwenye kofia.

Zamu yangu ilipofika nilijinyoosha kama sijawahi kujinyoosha. Nililishika sikio lote, si kuligusa tu.

Mwalimu hakuandika. Alimgeukia mama, akamwuliza kwa Kijaluo, kwa upole ulionitisha kuliko kelele, "Jana huyu hakufika. Amekua usiku?"

Foleni nzima ikatugeukia. Nikaona mgongo wangu ukiwa na mtoto juu yake mwaka mzima, na pengine miaka yote. Mama angeweza kusema ni mtoto mwingine. Angeweza kusema nilikuwa na usingizi. Nilimkazia macho, na nakiri kwamba katikati ya hofu ile bado nilikuwa na hamu ya kuona atafanya nini.

"Hata jana alifika," mama akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni. "Ni mimi niliyemwambia asijinyooshe. Nusu yake sikuwa nayo."

Mwanamke mmoja akaguna. Mama akafungua pindo la leso akamnyooshea mwalimu sarafu. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema fedha hizo si zake, basi si lake. Kisha akainama akaandika jina langu. Mama hakusubiri wino ukauke. Alinishika shavu mara moja, akaondoka kwa haraka, na mimi nikaingia darasani nikiwa na hasira naye kwa kunitia aibu. Hasira hiyo ilidumu muhula mzima.

Mwezi wa Aprili mama mdogo alinipandisha basi la kurudi nyumbani, nikiwa na nusu yangu mkononi. Kondakta alikuwa yuleyule. Aliipokea, akanikumbuka, akaketi pembeni yangu.

Akanieleza kwamba siku ile ya Januari, mama alipokuwa akirudi nyumbani peke yake, alimlipa nusu ya mtoto kwanza, kabla ya yeye mwenyewe kukaa. Zilizobaki zilimtosha kufika katikati ya njia tu. Hapo akateremka, akavua viatu, akashika barabara ya Rongo kwa miguu.

"Mimi nilishangaa," kondakta akasema. "Nikamwuliza, mama, unalipia mtoto, na mtoto mwenyewe iko wapi?"

"Akasemaje?"

"Alisema mtoto iko shule. Alisema hivyo mara mbili."