Kamera ya Mita Hamsini

Kuna watu wakistaafu hulala. Wengine hufuga kuku. Huyu bwana alirudi nyumbani na kamera, na tangu siku hiyo nyumba haikujua raha.

Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye leseni, na huko libaki. Kazini walimwita Mita Hamsini. Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na siri ya kutopata ajali alimwambia yeyote aliyekaa karibu naye, atake asitake: acha nafasi. Mwenzako akiwa mbele, muachie mita hamsini. Mvua ikinyesha, muachie mia. Wenzake walimcheka, wakampita huku wakipiga honi, na baadhi yao aliwakuta huko mbele lori limelala chali. Hakuwacheka hata siku moja. Aliwasha taa za hatari, akaegesha nyuma yao, mita hamsini, akashuka kuwasaidia.

Siku ya kumuaga, wenzake walichangishana wakamnunulia kamera ya dijitali, kamera ya kweli, yenye lenzi inayochomoza na mkanda wa kuvaa shingoni. Mkuu wa gereji akamwambia, "Umezunguka kote huko, hujawahi kutuletea hata picha moja. Sasa piga." Mzee wa watu akalia mbele ya mafundi wote.

Nyumbani akaanza kuihudumia kama lori. Asubuhi, kabla hajagusa chai, lazima aikague. Lenzi anaifuta kwa kitambaa laini, maana ukifuta kwa ncha ya shati unaikwaruza, kisha unalaumu kamera. Betri imejaa, na nyingine iko mfukoni. Kadi ya kutunzia picha imo ndani na ina nafasi. Wako wapiga picha wenye jina mjini wanaofika harusini betri imezima, wanaanza kuulizana chaja. Yeye aibu hiyo haikumpata. Kamera aliishika kwa mikono miwili, viwiko amevibana mbavuni, pumzi ameizuia. Kitufe alikibonyeza taratibu kama anaachia klachi, kwanza nusu, kamera ilie, ndipo amalizie. Picha zake hazikutikisika hata chembe. Zilikuwa kali na zimenyooka, isipokuwa hukuweza kujua mna nani ndani.

Tatizo lilikuwa nafasi. Alimpiga picha mkewe uani, na picha ikaonyesha ua mzima, kamba ya nguo, tangi la maji, paa la jirani, na kwa mbali kitu chekundu.

"Hicho chekundu ni nini?" mkewe akauliza.

"Ni wewe."

"Mimi? Mimi nilidhani ndoo."

Akajaribu kuvuta kwa kile kitufe cha kukuza. Ndoo ikawa kubwa, lakini sasa ilikuwa na chengachenga mwili mzima kama aliyemwagiwa mchanga. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Mita Hamsini hakucheka. Aliona amepiga picha ya heshima, yenye nafasi ya kutosha mbele, nyuma na pembeni.

Sasa, binti yao wa mwisho alikuwa fundi wa nywele, na baada ya kusukia watu kwenye vibaraza vya wenzake kwa muda mrefu, alikuwa amepata chumba chake mwenyewe cha saluni. Kilichobaki ni bango. Saluni nyingi hubandika picha za warembo waliookotwa kwenye mtandao, ambao fundi hajawahi kuwashika hata unywele. Binti huyu hakutaka uongo huo. Alitaka bango liwe na kazi ya mikono yake, vichwa alivyovisuka yeye.

"Nitapiga mimi," baba yake akasema.

Binti akamtazama mama yake. Mama yake akaitazama kamera. Nyumba nzima ilizijua zile picha.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Mita Hamsini hakulisema. Tangu arudi, alikuwa mgeni ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Chai aliletewa kwenye kikombe cha wageni. Akiingia sebuleni, mazungumzo yanakatika, watu wanakaa vizuri. Binti yake alimwamkia vizuri, akamkaribisha vizuri, kama mtu anavyomkaribisha mkaguzi wa afya. Watoto wake aliwalea kwa simu na kwa vifurushi, na sasa wamekuwa watu wazima, hawana haja ya simu wala vifurushi vyake. Alitaka angalau kitu kimoja ambacho binti yake atasema, hiki alinifanyia baba. Akinyimwa hiki, hakujua aombe nini tena.

"Haya, baba," binti akasema hatimaye. "Lakini fundi wa mabango anazitaka kesho. Zikiharibika, bango litabaki jeupe, na mimi nitafungua saluni isiyo na sura."

Kichwa cha kwanza kilikuwa cha shangazi, dada yake Mita Hamsini. Huyu alikuwa na nywele nyingi na mdomo mwingi, na tayari alikuwa ameutangazia mtaa kwamba atawekwa juu ya mlango watu wamwone. Alisukwa tangu asubuhi mistari myembamba iliyozunguka kichwa na kukutana utosini, kazi ya kusifiwa. Akajipaka mafuta ya midomo, akaketi kwenye kiti cha saluni.

Mita Hamsini akamkalisha mgongo kwa mlango, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na mwanga mwingi. Akapiga. Wakaangalia kwenye kioo cha kamera. Mlango ulikuwa unawaka kama tanuri, na mbele yake kumekaa kitu cheusi chenye masikio.

"Baba, huyu ni shangazi au kivuli chake?"

"Mwanga si upo?"

"Upo nyuma yake. Wewe ulipokuwa unaendesha jua limekupiga usoni, ulikuwa unaona kilichoko mbele?"

"Nateremsha kikinga jua."

"Kamera haina. Mteja wangu mimi simpi dirisha kisogo, namgeuza alitazame, ndipo nizione njia za nywele. Nisipoziona mimi, na hiyo kamera haizioni."

Shangazi akageuzwa. Mwanga wa dirisha ukamlalia vizuri ubavuni mwa uso, mistari ikajitokeza mmoja mmoja. Hapo hata mimi ningeweza kupiga. Lakini bwana yule akaanza kurudi nyuma. Chumba chenyewe ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili, naye anatafuta nafasi. Mkewe, kwa mazoea ya kumwelekeza akiegesha lori nje ya nyumba, akaanza: "Rudi. Rudi. Kata kulia kidogo. Simama, kuna beseni. Haya, rudi." Mzee akatoka mlangoni kinyumenyume, akashuka kizingiti, akavuka barabara yote, akaenda kusimama ng'ambo kwa fundi viatu. Huko akaona sasa amepata nafasi. Akabana viwiko, akazuia pumzi, akabonyeza. Pikipiki ikapita katikati.

Ndani, shangazi alikuwa bado ametabasamu. "Niachie au nisiachie?" akauliza kwa meno. "Taya linaniuma."

Picha ikaletwa. Ilikuwa na pikipiki, mapaja ya abiria, ukuta wa saluni, na ndani ya mlango, shangazi mwenye ukubwa wa punje ya mchele. Mita Hamsini akajitetea kwamba ndani palikuwa na giza, akawasha taa ya kamera akapiga tena. Ile taa ikapiga kioo cha saluni, kioo kikairudisha, na safari hii wakapata mwako mweupe uliommeza shangazi mzima mzima.

Binti akamvua baba yake kamera shingoni. Hakumgombeza. Alisema taratibu, "Basi, baba. Umejitahidi. Nitatafuta mpiga picha," na ule upole wake ulimkata maini mzee kuliko matusi.

Akakaa kwenye benchi la wateja. "Barabarani ukisogea unaua mtu," akasema.

"Hapa si barabarani, baba. Hapa ni kichwa cha shangazi."

Mkewe alikuwa ameshika ufagio. Akauegemeza ukutani. "Mrudishie," akamwambia binti. "Mara moja tu. Picha apige yeye, miguu nitamwendeshea mimi."

Basi akasimama nyuma ya mumewe, akamwekea mikono miwili mgongoni, akaanza kumsukuma kama anasukuma gari lililogoma kuwaka. "Sogea. Sogea tena. Acha kuvuta hicho kitufe, una miguu. Zima hiyo taa. Sogea." Mzee akatokwa jasho. Ukimwona ungesema anasukumwa kwenye mkia wa tangi la petroli. Alipotaka kusimama, mkewe akamtia goti.

Halafu mzee akatazama kwenye kamera, akasahau kuogopa. Aliona njia za nywele zimenyooka kuliko barabara yoyote aliyopita. Aliona mafuta yanavyong'aa kwenye ngozi kati ya mstari na mstari, na vinywele vidogo vya shingoni vilivyokataa kusukwa. Hakuwa amejua kazi ya binti yake ni nzito kiasi hicho. "Hiyo ndoo nyuma iondolewe," akasema, sauti imebadilika. "Na kalenda. Inampa shangazi pembe." Akapiga magoti mpaka kamera ikalingana na masikio ya dada yake. Akapiga mbele, akapiga ubavu, akapiga kisogo, akarudia. Picha za kadi hazili mafuta, akasema, unapiga nyingi halafu unachagua. Binti alikuja kuchungulia kwenye kioo cha kamera akakaa hapohapo, bega lake limegusa la baba yake.

"Na mimi unipige," akasema. "Watu wamjue mwenye saluni."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, akatazama dirisha. Safari hii hakuna aliyemsukuma mzee. Alisogea mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka uso wa binti yake ukajaa kwenye kioo. Akabonyeza nusu, kamera ikalia. Hakumalizia. Akaishusha.

"Hili kovu umelipata wapi?"

"Lipi?"

"Hili, juu ya jicho."

Binti akaligusa kwa kidole. "Aa, hili la siku nyingi. Nilianguka kwenye ngazi za shule, nilikuwa darasa la tatu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia, baba. Kwenye simu. Ukasema pole, ukaniuliza mtihani ulikuwaje."

Mkewe alishika ufagio akaanza kufagia mahali ambapo palikuwa safi. Shangazi akajishughulisha na mafuta yake ya midomo.

"Lilishonwa?" Mita Hamsini akauliza.

"Lilishonwa. Nililia nikikuita mpaka nesi akamuuliza mama, huyu baba yuko wapi."

Mzee akaishika kamera kifuani kwa mikono yote miwili. Alijisikia vibaya, tena vibaya sana, na hakuwa na pa kukimbilia, kwa kuwa alikuwa amesogea mno. "Nisamehe, mama," akamwambia binti yake. "Nilikuwa mbali."

Binti alitazama dirishani, machozi yakimlengalenga. "Haya, baba, piga," akasema. "Mwanga unaondoka."

Picha ile ya kwanza ilitikisika. Akaifuta, akapiga nyingine.

Kesho yake wakaenda wote kwa fundi wa mabango. Fundi akazifungua picha kwenye kompyuta yake, akauliza kapiga nani. "Kaka yangu," shangazi akadakia, "lakini kichwa ni changu. Na hayo makunyanzi si yangu, ni ya hiyo kompyuta." Fundi akaambiwa ayafute, akayafuta. Shangazi akamwambia aendelee. Kufumba na kufumbua amekuwa rika moja na mpwa wake, akaridhika.

Ikaja picha ya binti. Fundi akaikuza, mshale wake ukatembea ukasimama juu ya jicho. "Na haka kaalama nakaondoa," akasema. "Hii ni bure kwa wateja wangu."

Mita Hamsini alikuwa amekaa kule mlangoni. Akainuka, akaja mpaka kifua chake kikagusa kiti cha fundi.

"Hiyo iache."

"Itaonekana, mzee. Bango ni kubwa."

"Ionekane. Mimi babake nimeiona jana tu."

Fundi akamgeukia binti, kwa kuwa kazi ilikuwa ya kwake.

"Si umemsikia baba," binti akasema, akamsogezea baba yake kiti.