Nguva Katika Karatasi za Nyama

Juzi mama alinitumia nyirinyiri kwa basi kutoka Garissa, na mfuniko wa mkebe ukalegea njiani. Nilipofungua begi hapa kwangu Nairobi, harufu ya mafuta ya nundu yaliyoganda ilinipiga usoni nikakimbilia dirisha. Msinione mwenye madaha. Nyama yenyewe naipenda, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ikaanikwa, ikakaangwa, ikahifadhiwa ndani ya mafuta yake. Ila mafuta hayo yakishapoa juu ya karatasi, siwezi hata kuyatazama. Nina sababu, na nitawaambia nyinyi, maana watu wa nyumbani wameshachoka kunisikia.

Nilipokuwa shule ya msingi niliishi na habaryar wangu, mdogo wake mama, aliyeitwa Shukri. Kwetu mama mdogo na mtoto wa dada yake huitana kwa jina lilelile, basi yeye aliniita habaryar nami nikamwita habaryar, na mgeni akitusikia hajui nani mkubwa. Alikuwa na kibanda sokoni, bati juu na magunia pembeni, akiuza nyirinyiri na maini ya kukaanga. Na katika Garissa nzima sijaona mwanamke mwenye kinyaa kama yeye. Nzi akitua kwenye kisu, kisu kilichemshwa. Mteja akipiga chafya, alifukuzwa na nyama yake mkononi. "Uff!" ndilo neno lake lililotangulia kila salamu. Ugonjwa huo nimeurithi, na nauheshimu.

Nyama ilifungwa kwa karatasi. Mtu mmoja alileta magunia ya karatasi kwa mkokoteni wa punda, magazeti, madaftari ya watoto, na mara nyingine vitabu vya Kizungu ambavyo hata sijui vilitokea wapi. Habaryar alivipangusa kwanza, akavikung'uta, akavipiga jua, kisha ndipo alipovichana. Siku moja, nikiwa nimekaa juu ya gunia mojawapo nikisubiri chai, nilivuta kitabu kinene chenye jalada la buluu. Juu yake palikuwa na msichana mwenye upanga, na chini ya merikebu yake, ndani ya maji, wanawake wenye mikia ya samaki wakimtazama. Pameandikwa: sehemu ya pili.

Ya kwanza sikuiona hadi leo. Niliingia katikati ya ugomvi wa watu nisiowajua, na wallahi sikujali. Kilikuwa kitabu cha vijana wakubwa, Kiingereza chake kigumu, nami nilikimeza hivyohivyo na mifupa yake. Msichana alikuwa nahodha wa maharamia. Mchumba wake, baharia mmoja, alikuwa amechukuliwa na nguva, kwa sababu nguva wa kitabu hicho waliimba, na aliyewaitikia wimbo wao alisahau nyumbani kwao ni wapi. Basi nahodha akatweka tanga kumfuata. Mimi ambaye maji mengi niliyowahi kuyaona ni mto Tana ukifurika, rangi ya chai ya maziwa, nilijikuta nasikia chumvi mdomoni. Nilisahau kula. Nilikipenda kitabu kile mpaka nikaanza kuwachukia watu walioniita nikiwa ndani yake.

Habaryar hakujua kusoma Kiingereza, wala Kiswahili cha kuandikwa. Alisoma chuoni tu, kwenye dugsi, msahafu. Kwa hiyo kila alasiri nikitoka shule nilikaa nyuma yake nikamsomea, nikigeuza kila sentensi kuwa Kisomali, yeye mgongo kwangu na macho kwenye karai. Alianza kwa kunihurumia. Baada ya muda mfupi ndiye aliyekuwa akiniuliza, kabla sijavua hata viatu, "Yule kijana, karudi?"

Tatizo lilikuwa mapenzi. Mwandishi yule, sijui alikuwa na njaa gani, kila kurasa chache aliwabusisha watu. Nahodha alikuwa na msaidizi wake mwenye kovu shavuni aliyemtamani, na wakibusiana ilielezwa mate, pumzi, ulimi, yaani kila kitu. Yakh! Nilifunika mistari kwa kiganja. Ningemsomeaje mama yangu mdogo mambo hayo, mchana, mbele ya maini? Kila nilipofika hapo nilisema, "Wakasalimiana."

Siku moja aligeuka na mwiko mkononi. "Habaryar, hawa watu mbona wanasalimiana sana? Si wako merikebu moja?"

"Ni wageni wa heshima," nikamjibu.

"Heshima gani. Huyo mwenye kovu namwona anamzunguka mke wa mtu. Akae mbali, mwenyewe atarudi."

Hapo lazima niwaambie kuhusu Shafii. Shafii alikuwa mume wake. Alikuwa ameondoka kwa tahriib, ile safari ya kujificha kupitia Sudani na jangwa la Libya mpaka baharini, ili avuke kwenda Ulaya kutafuta maisha. Alipiga simu akiwa ufukweni, akasema wanapanda mashua, na simu haikulia tena. Majirani walimshauri Shukri avae nyeupe ya mjane, akae eda, amalize. Alikataa. Mzee mmoja wa ukoo alikuja kumposa kwa niaba ya mwanamume mwingine, naye akamkaribisha chai, akamwambia kwa upole kwamba yeye ana mume. Haya yote niliyajua. Niliyasikia yakisemwa juu ya kichwa changu kama watu wanavyosema mbele ya watoto. Lakini Shafii alikuwa upande mmoja wa akili yangu na nguva upande mwingine, na sikuwahi kuwakutanisha.

Tukafika karibu na mwisho. Nahodha alikuwa ameuona mwamba wa nguva, na chakula kimeisha merikebuni. Jioni hiyo karatasi za kibanda zilikuwa zimekwisha pia, na mtu wa mkokoteni hakuonekana.

"Habaryar, kurasa ulizokwisha kusoma zina kazi tena?" aliniuliza.

"Hazina."

"Umebakiza ngapi?"

"Kidogo tu. Kesho tunamaliza."

"Basi kidogo chako sikigusi, inshallah."

Kesho yake nilikimbia kutoka shule vumbi likinifuata. Alikuwa amefurahi, siku ilikuwa nzuri, nyama imekwenda. Akafuta mikono, akatoa chini ya kitambaa safi jalada la buluu lenye kurasa chache ndani yake, zimenyooshwa vizuri.

"Ahadi ni ahadi. Kidogo chako hiki."

Nikafungua. Merikebu ilikuwa bado bandarini. Nahodha ndio kwanza anaamka. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, ule mwanzo niliousoma zamani nikiwa juu ya gunia.

"Huu ni mwanzo," nikasema. "Habaryar, umechana mwisho!"

"Mwanzo nimeuchana mimi mwenyewe asubuhi." Akakichukua kitabu, akakilaza mezani kama unavyolaza msahafu, na mkono wake ukaenda kulia, ukafungua kutoka huko, upande ambao kila kitabu alichokisoma maishani mwake kilianzia. Hapakuwa na kitu huko ila nyuzi za gundi. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akanitazama mimi.

"Na kijana?" akauliza.

"Kama karudi, ni huko mwishoni."

Nilitaka kulia, nilitaka kumpigia kelele, lakini hakunipa nafasi. Aliacha karai motoni, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baada, akanishika mkono, tukatoka mbio kwenda nyuma ya soko, kwenye jaa.

Ee Mungu wangu, jaa lile! Hata sasa naandika huku nimekunja pua. Matumbo ya mbuzi yaliyovimba juani. Mate ya kijani ya watafuna miraa, mabonge kwa mabonge. Korongo wakubwa wenye vipara na mifuko ya ngozi shingoni, wamesimama juu ya uozo bila haraka, wakitutazama kama sisi ndio wachafu. Na kati ya vyote hivyo karatasi, zilizokunjwa, zilizolowa mafuta mpaka unaona mwanga upande wa pili, na juu yake nguva wangu. Watu walikuwa wamefutia vidole hapo. Mmoja alikuwa amepengea.

Shukri, aliyechemsha kisu kwa ajili ya nzi, alipandisha guntino lake, ile nguo ya kujifunga begani, akaingia.

Wanaume chini ya turubai waliangua kicheko. "Shukri, biashara imekushinda?" Aliokota, akakunjua, akanipa: "Soma." Karatasi ya kwanza niliyopewa, ya baridi na ya kuteleza kama ngozi ya chura, ilikuwa na nahodha na mwenye kovu. "Hapa wanasalimiana," nikasema huku natapika kidogo mdomoni. "Tupa!" akafoka. Akaokota nyingine, na nyingine, mpaka nikaipata ile ya mwambani. Nahodha amesimama ndani ya maji mpaka kifuani, anamwita mchumba wake kwa jina. Kijana yumo kati ya nguva, mgongo kwake. Anaita mara ya pili. Kijana anageuka na

Ukurasa ukaishia hapo.

"Anageuka na nini?"

Ukurasa uliofuata tuliuona pamoja. Ulikuwa mdomoni mwa mbuzi mwekundu, kona nyeupe ya karatasi ikiingia taratibu. Nikapiga kelele. Habaryar alimrukia, akambana shingo chini ya kwapa, akamfungua taya na kutia vidole ndani, mpaka kwenye magego, mpaka kwenye lile povu la kijani, akachokonoa. Akatoa bonge la ujiuji. Akalifungua kiganjani kwa kucha, polepole, huku ute unamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Inasomeka?"

Sikuweza hata kulisogelea. "Haisomeki."

"Tazama vizuri!"

"Haisomeki, habaryar."

Alilishika kwa muda. Mimi niliona mkono mchafu tu, nikajisikia vibaya kwamba kwa ajili ya hadithi yangu alikuwa amejidhalilisha namna ile mbele ya soko zima. Hivyo ndivyo nilivyodhani kwa miaka: kwamba alifanya kwa ajili yangu. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaondoka Garissa, nikiwa kwenye foleni ya kawaida kabisa, nilipofahamu ghafla. Alikuwa akimtafuta mtu kwenye mdomo wa mbuzi, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeziba pua.

Sehemu ya tatu niliipata Nairobi mwaka jana, kati ya mitumba ya vitabu iliyotandazwa njiani. Nikaisoma siku hiyohiyo, na ilinichefua kuliko jaa. Kijana anarudi. Anatoka majini mzima, nywele zake nzuri, hajakonda, hajakohoa, wanabusiana kurasa mbili, na hakuna hata mtu mmoja anayemuuliza alikuwa wapi. Hakuna mama aliyezeeka. Hakuna simu. Nilitaka kukitupa dirishani. Mtu hawezi kurudi kirahisi hivyo kwa sababu tu kitabu kinahitaji kufungwa.

Nikampigia habaryar. Bado ana kibanda, bado hajavaa nyeupe. Nilimsomea mwisho wote kwenye simu, na safari hii sikusema walisalimiana. Nilisikia karai likichacharika, kisha nikasikia amelitoa motoni.

"Mwongo huyo mwandishi," akasema.

"Mwongo sana, habaryar. Ananitia kinyaa."

"Uff. Hata mimi."

Nikasikia akivuta kiti, akakaa.

"Haya," akasema. "Hebu nisomee tena pale anapotoka majini. Polepole."