Mkono wa Winifred kwenye Kitabu cha Maonyesho

Baba yangu, Cyril Pocock, alikuwa na kiu moja tu maishani, na mtu wa hivyo anachosha, wacha niseme ukweli. Alitaka kitabu cha mwongozo wa maonyesho ya vyombo vya kisayansi, London, mwaka 1951, kwa sababu ndani yake kulikuwa na picha ya mkono wa mama.

Mama, Winifred, alisuka koili za waya kwenye karakana ya vyombo hivyo aliyofanyia kazi baba, mtaa wa Clerkenwell. Bomu la wakati wa vita lilimuunguza uso, na tangu hapo alikataa katakata kupigwa picha, hata siku ya harusi. Lakini wapiga picha wa vyombo walikuwa na desturi ya kuweka mkono wa mtu kando ya chombo, mnunuzi aone ukubwa wake. Kwa hilo mama akakubali. Baba alisimama pembeni akimtania, "Haya, Win, leo umekuwa nyota wa sinema!" Mwaka uliofuata mama akafariki, mimi nanyonya bado.

Vitabu walipewa mabosi na wageni wenye kadi. Mafundi, wapi! Baba akaanza kusaka kwenye maduka ya vitabu vikuukuu, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka mvi zikamjaa.

"Si uende maktaba ukakiangalie, yaishe?" nilimfokea siku moja.

"Beryl, simwendei mke wangu kwa saa za kuona wagonjwa. Namtaka nyumbani."

Mkaidi huyo! Na mimi, nisiyemjua mama hata kwa sura, nikajikuta nasaka naye.

Tulikipata kwenye ukumbi wa hoteli, siku ya mnada wa vitabu. Muuzaji, mdomo mrefu, akasema, "Taratibu, babu, hicho ni adimu. Usilambe kidole kufunulia!"

Baba hakumsikia. Alifunua mpaka kwenye galvanometa yao, kile kipimo cha umeme. Chombo kilikuwepo. Kando yake palikuwa na rula.

"Mkono uko wapi?" nikauliza.

Muuzaji akainama kutazama. "Aa, wameufuta kwa brashi, wakachora rula juu yake. Mabosi wa siku zile waliona mkono wa kibarua unashusha hadhi."

Nilitaka kumzaba kofi, maskini, na wala kosa halikuwa lake. Baba alikalia sanduku la vitabu. Nikapiga magoti, nikaweka mkono wangu juu ya ile rula, kwa sababu sikujua lingine la kufanya.

"Baba, mkono wake ulikuwa hivi?"

Akautazama muda mrefu, akaugeuza, akagusa kidole kimoja kimoja. Kisha akauachia.

"Sikumbuki, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nategemea kitabu."