Umutobe Uliolala Busunzu

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa Wilaya wa chama chetu pale Kasulu hakuniuliza nilichosomea Chuo Kikuu. Aliniuliza kama najua kufungua kikao bila kumuudhi mtu. Nikajibu kwamba nadhani naweza.

"Usidhani, binti yangu," akasema. "Hapa ama unajua, ama unatuvunjia chama."

Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo aliyestaafu. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la majembe, karibu na soko, na mimi nilikuwa Katibu Msaidizi.

Chama chetu kilikuwa kimojawapo cha vile vidogo vilivyozaliwa miaka ya mwanzo ya vyama vingi. Leo hakipo, na sioni haja ya kulirudisha jina lake. Ndani yake waliishi watu wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wazee wa mila, wengi wao watumishi wa serikali wastaafu wenye migomba na ng'ombe. Dini haikuwashughulisha sana, lakini walitaka mambo yabaki yalivyokuwa: mzee asikilizwe, shamba la ukoo lisiuzwe ovyo, kijana asioe bila wazee kujua. Wa pili walikuwa waumini wakali, wainjilisti na wazee wa kanisa. Hao nao walitaka karibu mambo yaleyale, ila kwa sababu yameandikwa. Ofisini tuliwaita watu wa Mtungi na watu wa Kitabu. Kazi ya katibu ilikuwa kuhakikisha wanazungumza juu ya wanachokitaka, wasifike kwenye sababu.

Jambo moja walikubaliana bila kuitiwa kikao: kwamba msichana asiye na mume hafai kuwa katibu. Nilifanya kazi nikilijua hilo.

Katibu wa Wilaya alinifundisha ufundi wake kwa utaratibu. Akidi, yaani idadi ya wajumbe inayohalalisha kikao, huhesabiwa kabla mtu hajasema neno, ili asiyeridhika asije akaidai baadaye. Katika muhtasari usiandike kwamba kikao kilifunguliwa kwa sala, wala kwamba hakikufunguliwa kwa sala. Andika kwamba kilifunguliwa kwa heshima zote. Na mwisho wa kikao ulikuwa na ufundi wake. Kwa wazee wa mila, neno lililokubaliwa bila kunywewa mtungi mmoja kwa mirija halijakubaliwa. Kwa watu wa Kitabu, pombe haikaribii midomo. Bosi wangu alipata njia katikati yao: umutobe, maji matamu ya ndizi mbivu kabla hayajawa pombe. Mtungi ni uleule na mirija ni ileile, na hakuna anayetenda dhambi.

"Lakini ukamuliwe asubuhi ya kikao," alinionya. "Ukilala, si wetu tena."

Nikahamishiwa Kibondo kuwa Kaimu Katibu wa Wilaya, ambako Mwenyekiti wa Wilaya alikuwa bwana shamba mstaafu, mpole, aliyeogopa ugomvi kuliko wengine wanavyoogopa nyoka. Uchaguzi wa madiwani ulipokaribia, tulipaswa kumteua mgombea wa kata ya Busunzu. Waliotaka walikuwa wawili. Mzee Bikuzi, mtu wa Mtungi, alikuwa na wake wawili na hakumficha hata mmoja. Mwinjilisti Yeremia, mtu wa Kitabu, hakuwa na doa, na wazee waliogopa kwamba akishika kata atawafungia mitungi. Tusipomkabidhi msimamizi wa uchaguzi jina moja lenye saini ya Mwenyekiti, mgombea wa chama kingine angepita bila kupingwa, na chama chetu katika kata hiyo kingekuwa kimekwisha.

Siku ya kikao mvua ilinyesha tangu alfajiri. Barabara ilikuwa imekwisha kuchimbwa na malori yaliyopeleka chakula kwenye kambi za wakimbizi, na gari lililotubeba mimi na Mwenyekiti likazama njiani. Tulifika Busunzu kesho yake asubuhi, siku ambayo fomu ya uteuzi ilitakiwa irudishwe Kibondo kabla ya saa kumi alasiri. Mama Skolastika, aliyekamua ndizi, alinisalimu nje ya darasa la shule tulilopewa kwa kikao.

"Mwakeye, Katibu. Mtungi umeanza kusema."

Niliinama nikasikiliza. Ulikuwa ukichemka taratibu, kama maharage yaliyokaribia kuiva.

"Hakuna mwingine?"

"Oya, hakuna. Ndizi mbivu zote nilizikamua jana. Zilizo kwenye shimo la kuivishia bado kijani."

Nikaingia ndani. Akidi ilitimia, hoja ikawekwa, mikono ikanyoshwa, na Mzee Bikuzi akapita kwa tofauti ndogo. Watu wa Kitabu walitazama sakafu. Mtungi ukaletwa. Sikutaka mtu anywe asichokijua, nikasimama.

"Waheshimiwa wajumbe, umutobe umelala. Umeanza kuchacha. Asiyetaka kunywa asinywe."

"Ehe!" akasema Mzee Bikuzi. "Hata mtungi umeokoka ukarudi nyuma!"

Upande wake ukacheka. Upande wa pili hakuna aliyecheka, na mzee mmoja wa mila akainuka.

"Asiyekunywa hajakubali. Tutamsikia mchana huu kwa msimamizi na pingamizi mkononi."

Mwenyekiti akaifunika kalamu yake. "Mimi ugomvi siutii saini," akasema kwa sauti ndogo. "Kubalianeni kwanza."

Nilitazama dirishani, jua lilikuwa limepanda sana. Mwinjilisti Yeremia akasimama. Waumini wake walikuwa wamejazana mlangoni.

"Mzee Bikuzi, unajua sinywi."

"Najua. Marehemu baba yako alikunywa sehemu yako yote kabla hujazaliwa."

Safari hii walicheka wote, hata Yeremia. Kisha uso wake ukatulia.

"Basi sinywi. Ila mtungi huu umekaa vibaya, utawamwagikia."

Akapiga magoti mbele ya wazee, akaukumbatia mtungi kwa mikono miwili, akauinamisha kidogo kuielekea mirija yao.

"Nyweni. Nimekubali."

Walikunywa. Mlangoni mwanamke mmoja alisema "Yesu wangu!" akageuka kwenda zake. Mwenyekiti akaifunua kalamu. Fomu ilifika Kibondo kwa wakati, lakini njia nzima niliuona ule mgongo ulioinama, na sikuweza kufurahi, nikihofia kanisa lake litamfanya nini.

Hofu yangu ilikuwa ya haki. Kanisa lilimtenga Yeremia kwa kuwashikia walevi mtungi. Hakuruhusiwa kuhubiri wala kushiriki meza ya Bwana, na alitakiwa kukaa benchi la nyuma hadi wazee wa kanisa watakaporidhika. Watu wa Kitabu wakaanza kusema kwamba chama kimemharibia mtumishi wao. Nikaenda Busunzu Jumapili nikiwa na maneno niliyoyapanga usiku kucha ya kuwasihi wasijitoe.

Njiani nikamwona Mzee Bikuzi amevaa koti, anaelekea kanisani. Nikamkimbilia.

"Mzee wangu, nakuomba, usiende kugombana nao."

"Nani kakwambia nagombana? Naenda kukaa."

Aliingia, akanyoosha moja kwa moja hadi benchi la nyuma, akakaa kando ya Yeremia. Mimi nilisimama ukutani karibu nao.

"Mzee," Yeremia akamnong'oneza, "hili ni benchi la waliotengwa."

"Nina wake wawili. Ulitaka nikae wapi?"

"Watasema umekuja kuwadhihaki."

"Ego, watasema. Wewe ulishika mtungi, mimi nashika benchi. Sikiliza mahubiri."

Alirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine nyingi. Wenzake wa Mtungi walimtania kwamba anatafuta ubatizo. Waumini walimkodolea macho. Hakuna upande uliojitoa. Mimi sikupata usingizi mzuri hata hivyo, maana kila Jumapili ilikuwa kikao nisichokuwa na mamlaka nacho.

Chama kilikuja kusambaratika baadaye, juu ya mambo madogo ya watu wa mbali nasi. Niliacha kazi ya siasa kabla ya uzee, nikastaafia nyumbani kwangu, na sasa vijana wanaojifunza kuendesha vyama huniuliza tuliwashikaje pamoja watu wasioamini kitu kimoja. Wanategemea niwape kanuni, nami sijapata kuwa na uhakika kwamba tuliwashika. Huwa nawasimulia Jumapili ambayo Yeremia alirudishiwa utumishi wake.

Aliitwa mbele kuhubiri. Alitembea hadi katikati ya kanisa, akasimama. Nyuma yake Mzee Bikuzi alibaki peke yake kwenye benchi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumwita mbele, wala yeye hakuomba. Yeremia akarudi, akasimama kando ya benchi lile, akafungua Kitabu na kuanza kuhubiri hapo hapo, na kanisa zima likalazimika kugeuza mabenchi.