Peni za Paa la Cucu

Mwanzo wa muhula huu bati la darasa letu lilianza kuvuja. Mvua ilikuwa ya saa nane mchana, ile inayoanza bila kubisha hodi, na mwalimu wa kemia akamtuma mtu alete ndoo ya kudekia. Tone la kwanza likaanguka: tang. Wenzangu wakacheka, mmoja akaanza kupiga meza kufuata mdundo. Mimi nilishika kalamu nikasahau nilichokuwa naandika. Sauti ile naijua. Niliisikia nikiwa na miaka tisa, ndani ya nyumba ya Cucu, na mimi ndiye niliyeileta.

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa kuongea. Nikiulizwa swali darasani, jibu linafika shingoni linageuka linarudi. Ndiyo maana naandika. Hapa hakuna mtu wa kunitazama.

Tunaishi Dagoretti Corner, nyuma ya maduka, kwenye ploti ya Cucu. Cucu ni bibi kwa Kikikuyu, ingawa si bibi yangu wa damu. Sisi ni Wakamba, yeye ni Mkikuyu aliyezaliwa hapa hapa wakati bado ni shamba, lakini ploti nzima inamwita hivyo, na yeye anatuita wajukuu siku zote isipokuwa tukicheza mpira karibu na sukuma wiki yake. Vyumba vyetu vya kupanga ni vya mawe. Nyumba yake mwenyewe ni ya mbao, iko katikati ya ua, na paa lake ni la mabati ya zamani, mazito, yaliyogeuka rangi ya chai isiyo na maziwa.

Baba ni karani wa masjala katika ofisi moja mjini. Kazi yake ni kutafuta faili ambazo watu wengine wameshaapa zimepotea. Ugonjwa wa sarafu aliletewa na Mama. Mama anapika katika nyumba moja kule Karen, na siku mwenye nyumba alipokuwa akisafisha stoo alimpa mkebe wa biskuti uliojaa peni za Uingereza. Zilikuwa kubwa, za shaba, nzito, zinanuka kama kufuli kuukuu. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme, upande wa pili mwanamke ameketi ameshika uma mrefu. Nilidhani anasubiri nyama.

Mama alitaka kuzitumia kuzuia mlango usijifunge. Baba akazimwaga mezani, akazipanga kwa miaka, na kwa macho yake ya masjala akaona kwamba moja ilikuwa na herufi H karibu na mwaka, ndogo kama mguu wa siafu. Aliuliza mjini akaambiwa: kuna miaka ambayo kazi ya kutengeneza peni iligawiwa viwanda vingine, navyo vikaweka alama zao, H au KN, na hizo ndizo watu wanazitafuta. Basi, tukampoteza. Mkebe ulipokwisha akahamia senti kumi za huku kwetu za wakati wa mkoloni, zile za shaba zenye tundu katikati, pembe za ndovu kulizunguka na jina la mfalme upande wa pili. Wazee wa kwetu waliziita peni pia, nazo zina herufi zile zile.

Alikata majalada ya faili zilizotupwa akatengeneza kadi yenye vijumba vya mviringo, kila mwaka na kila herufi nyumba yake. Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake. Sikuhitaji kuongea, kazi ilikuwa kusugua peni kwa kitambaa kikavu na kusoma. Ilibaki nyumba moja tu isiyo na mwenyewe. Mwaka wake siuandiki hapa. Baba bado anatafuta, na nyinyi mna macho.

Jumamosi moja alinichukua hadi mjini, kwenye kichochoro kati ya majengo mawili, ambako mzee mmoja aliketi kwenye kistuli na sarafu zake juu ya kitambaa. Kila mtu alimwita Lenzi kwa sababu ya kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Wanaume watano, sita hivi, walikuwa wakiinama pale kama kuku kwenye mahindi.

"Baba Mwende!" Lenzi akaita siku hiyo. "Hebu tuone hiyo kadi. Ai! Bado una pengo? Hata mtoto wa darasa la pili, pengo lake limeshaota jino."

Wote wakacheka. Baba pia akacheka. Lakini niliona mkono wake ukiifunga ile kadi taratibu, na kidole gumba kikibaki juu ya lile pengo kana kwamba kinaficha kidonda. Njia nzima ya kurudi hakuniambia hadithi hata moja.

Sasa niwaeleze kuhusu paa. Mume wa Cucu, ambaye sikumwona, aliliezeka mwenyewe. Wakati huo washa, ile pete ndogo inayokaa kati ya kichwa cha msumari na bati ili maji yasipite, ilikuwa ghali dukani kuliko senti kumi. Peni tayari ilikuwa na tundu. Basi yule mzee akavunja noti, akapewa mfuko wa peni, akapigilia paa lote kwazo. Cucu alipenda kuisimulia hiyo, akimalizia kwa kicheko: "Mzee wangu alimpigilia mfalme misumari, na hakuna askari aliyeona!"

Baba alipoisikia mara ya kwanza kidogo aanguke kutoka kwenye kiti.

"Cucu," alisema, akishika kofia kwa mikono miwili, "niruhusu nipande niangalie tu. Kama kuna ninayotafuta, nitakuwekea washa mpya ya raba. Nitakuwekea paa zima, kwa gharama yangu."

"Baba Mwende, wewe nakupenda, hujawahi kunisumbua. Lakini hilo paa ni mkono wa Mzee. Usiliguse."

"Sitaligusa, Cucu."

Nyumbani Mama akaongeza yake. "Na usiguse kweli. Tukifukuzwa hapa kwa sababu ya vyuma, wewe utaenda kulala masjala."

Mimi nilikuwa nimekaa pale nikisikiliza. Katika akili yangu ya miaka tisa, aliyekatazwa alikuwa Baba. Mimi hakuna aliyenikataza.

Siku chache baada ya kicheko cha Lenzi, Cucu alienda mkutano wa akina mama kanisani. Nilipanda ngazi ya mnara wa tangi la maji, unaogusana na paa, nikiwa miguu mitupu, nyundo ya Baba imechomekwa kwenye sketi na soksi iliyolowa mfukoni. Bati lilikuwa moto. Nilitambaa juu ya mstari wa misumari, mahali penye mbao chini, nikifuta peni moja baada ya nyingine kwa soksi. Kumi na moja hazikuwa kitu. Ya kumi na mbili niliisoma mara tatu nikiufuata mwaka kwa kidole. Mwaka ulikuwa wenyewe. Herufi ilikuwa yenyewe.

Msumari ulitoka kama jino lililolegea. Nikaurudisha kwenye shimo bila peni, nikaukandamiza kwa kiganja, na nikaona kazi imekwisha.

Jioni hiyo niliiweka juu ya kadi, mbele ya Baba. Aliichukua akaisogeza kwenye taa. Uso wake uliwaka, sijawahi kuuona vile, hata siku mdogo wangu alipozaliwa. Halafu akaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na duara la kutu, na lami kavu, na alama ya bonde la bati. Ule uso ukazimika.

"Umeitoa wapi?"

"Njiani. Kwa ile barabara ya shule."

Halafu akasema, "Imekwaruzwa hii. Haifai," akaitia kwenye mfuko wa shati. Nililia chooni kwa hasira. Nilijua mikwaruzo, ile haikuwa na mkwaruzo wowote wa maana.

Kesho yake mchana mvua ikanyesha. Mama alinituma nimpelekee Cucu bakuli lake, nikamkuta ameketi kando ya kitanda, godoro limevutwa pembeni, na sufuria imewekwa palipokuwa mto wake. Tang. Tang. "Paa limeanza uzee," akaniambia. "Kama mimi." Niliweka bakuli nikakimbia. Usiku nilimwomba Yesu azibe lile tundu, na nikamwahidi vitu vingi ambavyo sikuvitimiza. Mvua iliyofuata, sikusikia tang. Niliamini ni muujiza, na niliamini hivyo miaka mingi. Nashukuru mimi ni mtu wa haya, la sivyo ningesimama kanisani kutoa ushuhuda.

Jambo moja niliona lakini sikulifikiria. Tangu wakati huo Baba akawa anamkatia Cucu kuni kila Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda mjini. Na lile benchi lililo chini ya ukingo wa paa, alipokuwa akiketi na Cucu kunywa chai, hakuliketia tena. Akiitwa alikuwa anasema amechelewa.

Miaka saba ikapita hivyo. Halafu ndoo ya darasani. Wiki nzima ile sauti haikunitoka, na Jumamosi nikaenda kwa Cucu. Alikuwa anamenya minji, fimbo yake imeegemezwa ukutani. Nilisimama. Jibu likafika shingoni kama kawaida.

"Cucu, kuna kitu nataka kukwambia."

"Ni ile peni?"

Nikainama kuokota punje ya minji iliyoanguka.

"Keti umenye minji. Utaongea huku mikono inafanya kazi."

Lakini aliyeongea ni yeye. Alisema alijua tangu siku ile, kwa sababu alikuta nyayo kwenye vumbi la ngazi ya tangi. "Ndogo hivi. Na babako anavaa namba kumi na moja. Halafu Jumapili akaja, ametoka kanisani kabla yenu, na suti yake, na peni mkononi. Akaniambia, 'Cucu, nimekukosea. Ni mimi niliing'oa. Tamaa ilinishika.' Nikamwambia, haya, panda uirudishe. Akapanda na viatu vya kanisa, mimi nikashika ngazi. Alikata raba akaweka chini yake. Haijawahi kuvuja tena."

Kumbe muujiza wangu ulivaa namba kumi na moja.

"Na hukumwambia unajua ni mimi?"

"Alikuwa amejipanga vizuri hivyo! Ningemharibia." Akaacha kumenya. "Nilifikiri anajua kwamba najua. Halafu kuni zikaanza kuja, kila Jumamosi, na benchi hataki. Nikaona huyu anaamini namwona mwizi. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho hiyo ndiyo hii, Mwende, na wewe ndiye utakayemwambia."

Nilipanda tena, safari hii kwa ruhusa. Ya kumi na mbili iko pale, na msumari wake ni mpya kuliko mingine. Nilikaa juu ya bati nikafanya hesabu ambayo sikuweza kuifanya nikiwa na miaka tisa. Nilidhani Baba aliikataa zawadi yangu. Kumbe alikuwa ameishika mkononi peni aliyoitafuta kuliko zote, akaipigilia msumari kwa mkono wake mwenyewe, na akakubali kupita mbele ya mlango wa Cucu kila siku akiwa mwizi, ili nisiwe mimi. Na hakuwahi hata kunikaripia. Pengine alitaka niseme mwenyewe. Hakujua ingechukua miaka saba, au pengine kwa kuwa ananijua, alijua.

Jioni Baba alikuwa mezani na kadi yake, kioo cha kukuzia jichoni. Mama alikuwa bado Karen. Nikasimama mlangoni, maana nikikaribia zaidi ningenyamaza.

"Baba. Cucu anajua haikuwa wewe."

Hakuuliza nini. Kioo kilibaki jichoni.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Akashusha kioo. Akaiangalia mikono yake, viganja vyote viwili, mahali ambapo shoka limeacha sugu.

"Na kuni zote zile?"

Nilianza kulia na yeye akaanza kucheka, kisha tukabadilishana.

Jumamosi iliyofuata alikata kuni kama kawaida. Cucu akatoka na vikombe viwili vya chai, akaviweka kwenye benchi. Baba aliegemeza shoka ukutani akaketi. Mimi nilikuwa dirishani nikijifanya nasoma. Nilimwona akiinua macho kwenye ukingo wa paa mara moja tu, halafu akashika kikombe akapuliza chai yake.