Jirani Asiyetaja Aendako

Jirani yangu wa mtaa wa Bilele, hapa mjini, huongea kwa kunong'ona, kiganja mdomoni, hata akiomba chumvi. Kompyuta yake ina programu inayovizia wanunuzi wa sarafu za kidijitali: mtu akiagiza, kabla agizo halijathibitishwa, programu inawahi kununua, bei inapanda, kisha inamuuzia yule yule kwa bei hiyo ya juu. Basi anaamini kila mtu anamvizia yeye vivyo hivyo. Akienda kuoga anaaga kwamba anakwenda Nyanga. Akitaka ndizi sokoni anaulizia misumari, huku vidole vyake vyembamba vikiipapasa mikungu kana kwamba vimepotea njia.

Juzi asubuhi mkewe alishikwa na uchungu, nikamkimbiza hospitali. Jirani mwenyewe alibaki kutafuta kanga za kumpokelea mtoto. Muharami wa bodaboda akamuuliza, "Wapi, kaka?" Akajibu kwa mazoea, "Muleba." Walifika Kemondo, mbali nje ya mji, ndipo akamnong'oneza sikioni, "Hospitali ya mjini. Mke wangu anajifungua."

"Na umenyamaza njia yote hii!" Muharami akafoka, akageuza pikipiki.

Aliingia wodini akihema, kanga kifuani. Binti yake alikuwa ameshazaliwa, amelala ndani ya kanga ya kuazima ya mama wa kitanda cha pili.

"Ulikuwa wapi?" mkewe akauliza.

Akakiondoa kiganja mdomoni. "Kemondo," akasema, kwa sauti nene, nzuri, ambayo sikuwahi kuisikia.

"Muongo wewe," mkewe akasema, akamsogezea mtoto ampakate.