Viriba Mia Nane Visivyoota

Saa moja asubuhi ukungu bado umelala kwenye mabonde ya Lushoto, na Zuhura Shekimweri tayari amepiga magoti kitaluni. Anafukua udongo wa kiriba, kifuko cha kuoteshea mche, kwa njiti ya kiberiti, taratibu, kama anayetoa mwiba kwenye kisigino cha mtoto.

“Mbegu ikipita mikononi mwangu haina ujanja. Lazima iote,” anasema, wala hajaulizwa.

Viriba viko mia nane. Vilivyoota ni sifuri. Leo ni siku ya kumi na sita tangu zipandwe mbegu.

Zuhura, mwenye miaka 38, ni mtunza kitalu wa kikundi cha wanawake 22 wanaolima kwenye miteremko mikali kiasi kwamba jembe likikuponyoka, unalifuata kwa jirani. Masika iliyopita mvua ilisomba maharage pamoja na udongo wake. Yeye aliyezoea kuvuna magunia manne aliambulia madebe matatu.

Tegemeo lao sasa ni akasia, mti unaokua haraka. Mizizi yake hushika udongo, na vinundu vyake vidogo huurutubisha. Matawi ni kuni.

Lakini mche hukaa kitaluni miezi mitatu, na hii ni katikati ya Desemba. Zisipoatikwa mbegu nyingine wiki hii, masika itayakuta mashamba wazi.

“Chakula hakipiti,” anakiri, sauti ikishuka. “Wingu likikatiza tu, natoka kuutazama mteremko.”

Mbegu ya akasia ina ganda gumu kama kifungo. Humwagiwa maji yaliyochemka, yakaachwa yapoe hadi kesho yake, ganda likalegea. Zuhura anaapa hakuruka hatua.

“Tuliuziwa mbegu za zamani,” anasema.

Mwenyekiti wa kikundi, Yusta, amekuja na mkoba begani, tayari kuteremka Mombo, walikozinunua.

“Mama Kassimu, nikamgombeze muuzaji mbele ya watu? Una hakika?” anamuuliza Zuhura.

“Nenda! Mwambie mimi ndiye niliyesema. Kwangu limebaki kopo moja la mbegu. Leo naziloweka zote, vilevile kama zile, halafu tuone.”

Mlangoni mwa nyumba, hatua chache tu kutoka kitaluni, mama mkwe wa Zuhura, Bi Rukia, anachambua mboga. Anainua kichwa.

“Vilevile? Basi chupa yangu ya chai usiiguse.”

Zuhura anainamia viriba ghafla, kana kwamba kimoja kimemwita.

“Shikamoo, mama,” anasema Yusta. “Chupa ipi tena?”

“Marahaba. Si alizifungia humo na maji ya moto usiku kucha? Eti baridi ya huku itayapoza mapema mno.”

Yusta anatua mkoba chini. “Kumbe hayakupoa?”

“Yapoe wapi! Asubuhi namimina nipate chai, zinatoka mbegu, mvuke unafuka. Nikabonyeza moja kwa kidole.” Bi Rukia anarudia mboga zake. “Zilikuwa zimeiva, mwanangu. Zilikosa chumvi tu.”